Kanda ya Kumi na Nne

Kasingirima, Ujiji
2 Juni 1998

Mwalimu Bonifasi,

Ni mimi, Ummy, na mkono ni wangu mwenyewe. Ukiona herufi zinapanda na kushuka usidhani nimelewa. Ndivyo ninavyoandika tangu nitoke hospitali. Nina mshono kutoka juu ya sikio la kushoto mpaka kisogoni, na kichwa kimenyolewa kama cha mtoto aliyetimiza arobaini.

Wanasema tarehe kumi na moja Machi, tukitoka huko kambini, mvua inanyesha, gari lilitumbukia darajani. Dereva akavunjika mguu, mimi nikapasuka kichwa. Sina habari nayo. Nakumbuka jioni ya siku iliyotangulia, mimi na wewe tunapanga kanda za mahojiano kwenye sanduku. Kinachofuata ni dari ya wodi. Katikati hakuna kitu kabisa.

Maneno yananikimbia. Jana nilitaka kijiko nikasema "kile cha kuchotea," mama akaniletea ndoo. Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikasahau nalia nini. Nafanya kazi saa moja asubuhi, na baada ya hapo kichwa kinanigonga mpaka natapika.

Lakini udaktari wangu bado nautaka, ule wa vitabu. Chuo kimenipa mpaka mwisho wa Desemba kuwasilisha tasnifu. Nikishindwa jina linafutwa, na miaka mitano yote imekwenda bure, pamoja na ule mwaka mmoja ambao wewe umenitafsiria hema kwa hema. Sura tatu ziko tayari. Ya nne ndiyo moyo wa kazi, nayo ni ya mkeo: wanawake wakimbizi waliovuka ziwa na watoto. Kanda ya kumi na nne, ile niliyorekodi naye wewe ukiwa darasani, inakatika pale Eufrasia anapoingia mtumbwini na Leonia na mdogo wake, Pastory. Anasema, "Nitamalizia," halafu kimya. Tafadhali, muombe amalizie, wewe uniandikie. Martini wa lori la mahindi ndiye anayeleta barua hii; jibu mpe yeye.

Msalimie sana Eufrasia. Mwambie nywele zikiota ni yeye atakayenisuka.

Ummy Hamdani

*

Kasingirima, Ujiji
2 Juni 1998

Mwalimu Bonifasi,

Hii nimempa Martini kando na ya binti yangu, naye hajui. Mimi ni Mwanamvua, mama yake. Tulionana siku ile moja tu, na siku ile hakuna aliyeweza kusema na mwenzake.

Utaona anavyomsalimia mkeo. Si dhihaka, mwanangu. Hajui kwamba Eufrasia alikuwemo garini. Hajui kwamba amekufa. Daktari alitukataza kumpa habari ya kushtua mpaka kichwa kitulie, maana ameshaanguka kifafa mara mbili. Mimi nikaongeza uongo wangu juu yake: nikamwambia garini walikuwa wawili tu, yeye na dereva.

Kabla sijakuomba neno, nikwambie dhambi yangu. Siku ile niliambiwa mwanangu ndiye aliyekufa. Mkeo alikuwa amejitanda khanga ya Ummy, ile ya zambarau niliyomnunulia mimi. Kumbe Ummy alimvalisha ili kwenye kizuizi cha barabarani aonekane mtu wa Ujiji, kwa kuwa hakuwa na kibali cha kutoka kambini. Watu wakaijua khanga. Wakauleta mwili hapa nyumbani. Maji ya kuoshea yalikuwa yamechotwa, sanda imekatwa, uani wamejaa wanawake wa mtaa mzima. Nikamfunua uso. Nikasema alhamdulillahi. Nilisema kwa sauti, mbele ya watu, mkeo amelala pale.

Mungu anisamehe, na wewe ukiweza.

Sasa ombi langu. Mjibu binti yangu kama hujapatwa na jambo. Najua ninachokuomba si cha kuombwa mtu. Amenibakia huyu mmoja.

Mwanamvua

*

Kambini
14 Juni 1998

Mama, shikamoo.

Barua zote mbili zimefika. Ya dada Ummy niliisoma nimesimama mlangoni. Nilipofika kwenye salamu nilikaa chini.

Kwa lile neno ulilolisema, ningekuwa mimi ningelisema vilevile. Mlimwosha mkamleta kwangu amefunikwa vizuri, nami niliona.

Nitanyamaza. Lakini sinyamazi kwa wema peke yake, na ni haki ujue. Mwaka tisini na sita askari walinikamata nibebe mizigo yao, na Eufrasia akavuka ziwa bila mimi, na watoto wawili. Nilipomkuta hapa kambini Januari iliyofuata alikuwa na Leonia tu. Pastory alikuwa na miaka minne. Nilimuuliza mtoto amekufaje, amezikwa wapi, na nani. Hakunijibu hata siku moja, na tuliishi hivyo mwaka mzima, tunakula sahani moja. Leonia naye akiulizwa anaingia chini ya kitanda.

Asubuhi ile ya safari ndipo mke wangu alipotamka kwamba atamsimulia dada Ummy yote, ila si kambini, wala si mbele yangu. Ndiyo sababu alipanda gari lile. Kutoka hapa mpaka darajani ni saa mbili na nusu, na Eufrasia akishaamua jambo hakuwa mtu wa kungoja. Naamini alisema.

Kwa hiyo mwisho wa mwanangu umo kichwani mwa binti yako. Akikumbuka lolote, Mama, hata kidogo, niandikie siku hiyohiyo.

Bonifasi

*

Kambini
14 Juni 1998

Dada Ummy,

Nimefurahi kuuona mwandiko wako, hata huo wa kupanda mlima. Wanafunzi wangu wa darasa la pili wanaandika vizuri kukushinda, lakini wao hawana hadithi.

Salamu zako zimefika. Kuhusu kanda, vumilia kidogo, jambo lenyewe ni zito. Wewe nawe jaribu kuikumbuka ile safari. Anza na vitu vidogo: ulikaa upande gani, mlikula nini njiani, nani alisema nini. Chochote kikikujia niandikie, hata kama unakiona hakina maana.

Bonifasi

*

Kasingirima, Ujiji
5 Julai 1998

Mwalimu Bonifasi,

Nani alisema nini? Dereva yule ninavyomjua alisema "pole" na "twende," basi.

Nimefanya ulivyoniambia. Nimepata kitu kimoja: beseni la plastiki la kijani, limepakatwa na mtu pembeni yangu. Nauona mkono umelishika ukingo. Nilimuuliza mama ni beseni la nani, akasema ni la hospitali, akatoka kwenda kutazama wali. Wali wenyewe ulikuwa haujainjikwa. Nafikiri mama anaanza kuzeeka.

Profesa Veneranda, msimamizi wangu, ameandika kutoka Dar es Salaam. Anasema niahirishe, nipone kwanza, hakuna aibu. Mtu aliyepasuka kichwa akiahirisha, Mwalimu, harudi tena. Atapewa kazi ya kugonga mihuri na kila mtu atamhurumia. Sitaki. Nimebandika vikaratasi ukuta mzima, kila kimoja na wazo lake, kwa sababu nikisikiliza kanda mpaka mwisho nakuwa nimeshasahau mwanzo. Sasa nasikiliza dakika tano za mwisho tu, naandika, nabandika. Chumba kinafanana na duka la nguo.

Naomba maswali matatu kwa Eufrasia. Walikuwa wangapi mtumbwini? Walivukaje? Na Pastory alifariki vipi? La tatu najua linachoma. Muulize wewe, mumewe, kwa upole, siku mtakayokuwa mmetulia wawili.

Jumanne nilianguka tena, nikauma ulimi. Usimwambie Eufrasia, atapata wasiwasi. Msalimie tu.

Ummy

*

Kambini
26 Julai 1998

Dada Ummy,

Haya ndiyo majibu. Nimeyaandika kama yalivyosemwa.

"Tulikuwa watu kumi na wanane, na mbuzi mmoja. Tulitoka Ubwari, ng'ambo ya ziwa, mwishoni mwa Novemba. Ziwa lilikuwa jeusi, usingeweza kuona mkono wako. Tuliongozwa na karabai za wavuvi wa dagaa. Zilikuwa nyingi mbele yetu, nasi tukazifuata moja baada ya nyingine mpaka upande wa Kigoma.

"Pastory alikuwa na homa tangu tulipokuwa tunatembea. Nilimpakata. Leonia alimshika miguu ipate joto. Karibu na kupambazuka aliomba maji nikampa, akanywa, akasema yametosha. Hakulia. Alimtaja baba yake. Tuliposhuka Kibirizi mama mmoja alinipa khanga, tukamviringisha, na wanaume wakachimba mahali pakavu, mbali na mawimbi. Mzee wa kanisa akasali. Nilikaa naye mpaka jua likawa kali. Halafu nikaja kambini."

Ndiyo hayo. Je, ukiyasoma kuna lolote linalokurudia?

Bonifasi

*

Kasingirima, Ujiji
30 Agosti 1998

Mwalimu Bonifasi,

Sura imekwisha! Nimeiandika siku kumi na tisa, nikilala mchana kama mwanamke aliyejifungua. Profesa Veneranda ameisoma. Anasema maneno ya Eufrasia ndiyo yanayoibeba tasnifu yote, na hapo penye "yametosha" alifunga mlango wa ofisi.

Hakuna lililonirudia, uniwie radhi. Lakini sikuanguka mwezi mzima.

Nimemnunulia Eufrasia kitenge, cha buluu, kitampendeza kwa rangi yake. Sikitumi kwa Martini. Nitakileta mwenyewe nikipata ruhusa ya daktari, nimkabidhi mkononi. Amenipa kitu ambacho mama aliyefiwa na mtoto hana lazima ya kumpa mtu yeyote.

Msalimie, na umwambie ajiandae kunisuka. Zimeshafika kwenye masikio.

Ummy

*

Kambini
6 Septemba 1998

Mama, shikamoo.

Nimekosa. Binti yako aliuliza maswali kwa marehemu nami nikayajibu kwa mdomo wake. Nilianza ili nimwamshe kumbukumbu. Nilipofika kwa Pastory niliendelea kwa ajili yangu mwenyewe, nikampa mwanangu kifo ambacho ningependa awe amekipata. Sasa kimeingia kwenye kitabu cha chuo, na binti yako amenunua kitenge.

Nimwambie? Sitasema bila ruhusa yako.

Bonifasi

*

Kasingirima, Ujiji
12 Oktoba 1998

Mwalimu Bonifasi,

Juzi macho yalikuwa yananiuma, nikamwomba mama anisomee sura ya nne nisahihishe. Mama ni mtoto wa ufuoni. Bibi alimlea kwa kuanika dagaa. Alisoma vizuri mpaka penye karabai. Akasimama. "Karabai gani?" akasema. "Wale watu walishuka mwezi mpevu. Rajabu, mwezi kumi na nne, nilikuwa nimefunga. Tulikwenda Kibirizi na sufuria za uji. Hakukuwa na mvuvi hata mmoja majini." Halafu akajiziba mdomo kwa mkono.

Mwalimu, kila mtu wa huku anajua kwamba mbalamwezi ikitoka dagaa hawafuati taa. Wavuvi wanakaa nchi kavu wanashona nyavu. Eufrasia naye ni mtu wa ziwa, dagaa ameanika tangu utoto. Hawezi kukosea hapo hata kwa ndoto.

Nikaichukua kanda ya kumi na nne. Niliisikiliza yote, siku nzima, naandika kila sentensi ili isinitoroke. Mwanzoni kabisa, mahali ambapo nilikuwa sipafiki tena, anasema kwa sauti yake: "Tulichagua mwezi mpevu kwa kuwa wavuvi wamelala, hakuna wa kutuona." Ilikuwepo humo muda wote. Mimi, ninayetaka kuitwa daktari, nilisikiliza dakika tano.

Nikarudi kwenye barua zako. Hakuna hata moja ambayo Eufrasia ananisalimu. Zangu zinamsalimu, zako zinasema salamu zimefika.

Nilimuuliza mama beseni la kijani ni la nani. Akatoka nje hata bila kusingizia wali.

Eufrasia yuko wapi? Nijibu neno moja, nami nitalibeba. Msinilinde tena. Sijui tena niliyoandika ni ya nani, wala waliobaki kunizunguka ni akina nani.

Ummy

*

Kambini
25 Oktoba 1998

Dada Ummy,

Amekufa. Alikufa tarehe 11 Machi garini, amekaa ubavuni pako. Beseni la kijani ni lake. Alikuwa ameweka humo nguo za kulalia kwenu siku mbili. Alikuwa amejitanda khanga yako, nawe ndiye uliyemvalisha ili apite kizuizini. Alizikwa hapa tarehe 13, wewe bado hujafungua macho.

Mama yako aliniomba ninyamaze, akiogopa kukupoteza. Usimkasirikie. Mimi ndiye wa kukasirikiwa, kwa kuwa mimi nilikuwa nangoja kitu. Mke wangu aliahidi kukusimulia habari za Pastory mkiwa peke yenu. Mimi hakunisimulia. Yale niliyokuandikia niliyatunga mezani kwangu, mtu wa milimani nisiyejua mvuvi analala lini. Eufrasia angenicheka mpaka machozi yamtoke.

Nataka ujue jambo jingine. Kila ulipoandika "msalimie Eufrasia" niliumia, na kila mara niliisoma barua tena. Duniani palikuwa na mtu mmoja ambaye kwake mke wangu alikuwa hai, ana hasira na wasiwasi, atasuka nywele, atapewa kitenge. Nilikuwa namtembelea humo. Sasa amekufa kwetu sote wawili.

Khanga ile sijakusamehe bado. Nitakuwa nakudanganya tena nikisema nimekusamehe.

Lakini nakuomba, nikiwa nimepiga magoti, jaribu. Saa mbili na nusu, Dada. Alisema nini? Na kama hukumbuki na hutakumbuka, niandikie chochote. Wewe ni msomi, maneno unayajua kunishinda. Andika tu kwamba alikwambia hivi na hivi. Nitaamini. Nakuapia, nitaamini.

Bonifasi

*

Kasingirima, Ujiji
19 Desemba 1998

Mwalimu Bonifasi,

Nilianguka siku tatu mfululizo baada ya barua yako, ndiyo maana nimechelewa. Mama hakuniacha hata usiku. Alinishika kichwa tu. Khanga ya zambarau alikuwa ameificha chini ya godoro lake, imefuliwa. Tunalala nayo chumba kimoja.

Mimi ndiye niliyemtoa Eufrasia kambini. Nilitaka sura ya nne. Nimeandika sentensi hiyo kwenye kikaratasi nikaibandika ukutani na zile nyingine, kwa sababu hii nayo naweza kuisahau, na sina haki ya kuisahau.

Nimekaa na ombi lako. Nitakwambia kweli: niliandika. Ukurasa mmoja na nusu, kwa sauti yake, na mara hii mwezi nikauweka mahali pake. Ulikuwa ukurasa mzuri. Hakuna aliyetesa mwanao humo. Niliukunja, nikaandika jina lako juu ya bahasha, na Martini alikuwa ameshafika mlangoni. Nikamwambia sina barua. Nikautia motoni, jikoni kwa mama.

Ninachokumbuka ni hiki, kimekuja kidogo kidogo tangu Novemba, na hakuna zaidi. Alikaa kushoto kwangu. Alivua viatu. Alisema khanga yangu inanuka udi, atapata kizunguzungu. Baadaye akawa anasema, anasema kwa muda mrefu, ananitazama usoni. Midomo naiona. Sauti hakuna. Mara moja aliacha akafunika macho kwa beseni, kisha akaendelea. Mwishoni alijipangusa uso kwa viganja vyote viwili, kama mtu aliyetua mzigo, akaomba maji. Nikampa. Ndipo likaja daraja.

Alimaliza, Bonifasi. Hilo naweza kuliapia popote. Alinikabidhi yote mpaka neno la mwisho, na mimi nimeyapoteza. Nisamehe au usinisamehe. Sitakutungia.

Tasnifu nimeiwasilisha jana. Sura ya nne sasa inaishia pale kanda inapokatika, kwenye "Nitamalizia," na chini yake nimeandika kwamba msimulizi alifariki katika gari alilopandishwa na mtafiti. Profesa Veneranda anaogopa kwamba watahini hawatapitisha sura isiyo na mwisho. Huenda. Nitakwenda kuitetea Machi, na vikaratasi vyangu mfukoni, wakiniuliza nitajibu.

Kitenge nimempa Martini akuletee. Ni cha binti yako. Sasa yeye ndiye aliyebaki wa kujua, naye ana miaka tisa. Usimuulize, Mwalimu. Akiingia chini ya kitanda, keti tu sakafuni karibu naye. Na siku akisema, ukiwa umekaa naye, usiandike, usisahihishe, na usiniletee mimi.

Msalimie Leonia.

Ummy